Kileleni mmefika, sasa shukeni vizuri: maswali ya magoti, kucha na vigimbi

Juzi kundi letu la mazoezi hapa Dodoma limerudi kutoka Kilimanjaro, watu kumi na moja, picha za bendera pale Uhuru mita 5,895 zimejaa kila simu, na wote sasa hivi wanashuka ngazi za ofisini kinyumenyume kama kaa. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, magoti ya watu ndo ugali wangu, kwahiyo tangu wameshuka basi pale Nzuguni simu haijapoa. Nimeona nijibu yote hapa hapa, maana kuna wengine wanajiandaa kwenda na wanauliza habari za kupanda tu, kushuka hakuna anayeuliza.

Kwanini kushuka kumeniua kuliko kupanda, wakati kushuka ni mserereko tu? (kaka wa Area D)

Mapafu ndo yanapumzika kaka, miguu haipumziki. Ukipanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja ili ikunyanyue, hiyo inachosha ila haiumizi sana. Ukishuka misuli ile ile inafanya kazi ya breki, yani inavutwa irefuke huku imekaza ili usianguke, na kazi ya namna hiyo ndo inachana chana nyuzi ndogo ndogo ndani ya msuli. Huo sio ugonjwa, ni michubuko ya ndani. Ndo maana siku unafika getini unajiona shujaa, kesho yake asubuhi choo cha kuchuchumaa kinakushinda, maumivu yanapanda mpaka siku ya pili au ya tatu halafu yanaanza kushuka yenyewe.

Halafu angalia hesabu. Wa njia ya kushukia Mweka mnatoka kambini Barafu usiku wa manane, alfajiri mko kileleni, na siku hiyo hiyo mnashuka mpaka kambi ya Mweka kwenye mita 3,100 hivi. Hiyo ni karibu mita 2,800 za kwenda chini ndani ya siku moja, hujalala, hujala vizuri, na kesho yake kuna nyingine kama 1,500 mpaka getini. Mlima mmepanda kwa siku tano sita mnaambiwa pole pole kila dakika, kushuka mnashuka kwa siku moja na nusu. Breki gani haitaungua?

Lakini nilifanya mazoezi miezi mitatu, nilikuwa napanda ngazi kila siku!

Hata mimi mwaka niliopanda nilifanya hivyo hivyo, napanda ghorofa nane na begi mgongoni, nikifika juu nimelowa jasho najisifu, halafu narudi chini na lifti. Aisee. Kule kwenye msitu wa Mweka, zile ngazi za magogo na mizizi na tope, magoti yaligoma kabisa mpaka mpagazi mmoja mwenye begi kubwa kichwani akasimama akaniuliza kwa upole, "kaka nikushike mkono?" Na mimi ndo mtaalamu wa magoti.

Kwahiyo kwa wanaojiandaa: panda na lifti, shuka na ngazi. Sio utani. Msuli ukishapata dozi ya kushuka mara moja tu, hata ukiumia kidogo, unajirekebisha na mara ya pili hauumii vile, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Hapa Dodoma hatuna mlima mrefu ila vilima tunavyo, Mlimwa ipo, ile miteremko ya chuo kikuu, UDOM, ipo, nenda mara moja au mbili kwa wiki, anza na begi jepesi, ongeza taratibu, na acha kama siku tano kabla ya safari ili miguu iende ikiwa mipya. Mwenye nafasi aende Hanang pale Katesh, ni zaidi ya mita 3,400 na kushuka kwake ni mtihani tosha.

Nikianza kushuka si hatari ya hewa nyepesi imeisha? (dada wa Nkuhungu)

Inapungua, haijaisha, na hapa naomba msome taratibu. Pale juu oksijeni unayopata kila ukivuta pumzi ni kama nusu ya unayopata ukiwa Dar, kwahiyo kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi ni vitu vya kawaida na kweli dawa yake kubwa ni kushuka, mtu anashuka mita mia tatu mpaka elfu moja anaanza kucheka tena. Shida ni yule ambaye anashuka na hali inazidi.

Mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni maji kwenye mapafu: mtu amekaa kitako amepumzika lakini bado anahema kama amekimbia, anakohoa, kifua kinakoroma, saa nyingine makohozi ya povu lenye rangi ya damu. La pili ni ubongo kuvimba: anayumba kama mlevi, anaongea visivyoeleweka, anagombana na watu bila sababu au anataka kulala tu. Na hapa ndo mtego wa kushuka ulipo, maana kila mtu siku ile anayumba kwa uchovu, utamjuaje? Mkalishe dakika kumi, mpe maji na kitu kitamu, halafu mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kama kumi. Aliyechoka atalalamika lakini atafanya. Anayeshindwa mkamateni, mwambieni kiongozi wenu hapo hapo, ashuke sasa hivi hata kama ni usiku, asiachwe peke yake hata dakika moja, na kama oksijeni ipo apewe wakati mnashuka. Asitembee kwa ujasiri, kuna machela za tairi za uokoaji kwa kazi hiyo. Na akifika chini akajisikia nafuu bado aonwe na daktari.

Nyie mliotumia Diamox, vile vidonge vya kuzuia ugonjwa wa hewa nyepesi, ukishashuka na kichwa hakiumi unaacha tu, haina kazi tena, itakukojoza bure njiani.

Kule kwenye changarawe wenzangu walikuwa wanaserereka kama wako kwenye mchanga wa mto, nami nifanye?

Kutoka Stella Point, pale ukingoni juu kabla ya kilele, kurudi Barafu ile changarawe laini inavutia sana, na ni kweli inaokoa muda, ila mawe makubwa yamejificha humo humo. Mimi nasema hivi, kama mapaja yako bado yana nguvu na unaona mbele, weka kisigino kwanza, magoti yamekunjwa kidogo, kiwiliwili kisilale nyuma. Watu wakiogopa wanajilaza nyuma, na ukijilaza nyuma ndo unateleza na kukalia makalio. Hatua fupi, nyingi. Usifunge goti likanyooka kabisa kwenye hatua ya kutua, hapo mshindo wote unapanda mpaka kiunoni. Kwenye mteremko mkali nenda kwa zigizagi kama ng'ombe wa kwetu wanavyoshuka kilima, hakuna ng'ombe anayeshuka moja kwa moja.

Fimbo zirefushe kidogo kuliko ulizopandia, zitangulie mbele ya mguu, na mkono usinyongwe na ule mkanda mahali pa mawe ambapo fimbo inaweza kunasa. Kama una goti bovu fimbo mbili sio anasa. Na miwani ya vumbi na jua usivue, jua la kule linapiga kutoka juu na kutoka kwenye barafu.

Kucha mbili za vidole gumba zimekuwa nyeusi, zitang'oka? (mama wa Kisasa)

Pole mama. Ni damu imevilia chini ya ukucha kwasababu mguu ulikuwa unateleza ndani ya kiatu na vidole vinagonga mbele, saa nane mfululizo. Kama haiumi sana iache, huenda ikang'oka yenyewe huku nyingine inaota chini, ya kidole gumba inaweza kuchukua hata mwaka kurudi kamili. Kama inapwita usiku hulali, au kuna usaha, au una kisukari, nenda kituo cha afya, usijitoboe na sindano ya moto nyumbani. Safari ijayo kata kucha fupi siku chache kabla, na kabla ya kuanza kushuka kaa chini ufunge kamba upya, legeza kidogo juu ya vidole, kaza kwenye kifundo mpaka kisigino kikae nyuma.

Nilimeza diklofenaki asubuhi kabla ya kushuka ili nisisikie maumivu, nilikosea?

Ulikosea kidogo. Umeishiwa maji, misuli imechanika na inamwaga takataka zake kwenye damu, figo zinahangaika kusafisha, halafu unaziongezea diklofenaki au brufeni ambazo zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo. Afadhali paracetamol, na maji. Halafu maumivu yakizimwa unalikanyagia goti ambalo lilikuwa linakuomba upunguze mwendo.

Hapa hapa niseme la mkojo. Ukirudi ukaona mkojo rangi ya Coca-Cola au chai ya rangi iliyokolea, na mapaja yamevimba magumu, hiyo sio uchovu wa kawaida, hospitali siku hiyo hiyo.

Niliteguka kifundo, bibi amenikanda maji ya moto na kunichua, kimevimba zaidi.

Shikamoo kwa bibi, ila kwa siku mbili za mwanzo tumekataa maji ya moto na kuchua kwa nguvu, vyote vinaongeza uvimbe. Siku hizo ni kitambaa cha barafu au maji ya baridi dakika kumi na tano hivi, mara kadhaa kwa siku, barafu isiguse ngozi, funga bandeji isiyobana mpaka vidole vife ganzi, nyanyua mguu kwenye mto. Baada ya hapo anza kuuchezesha taratibu. Ila kama huwezi kutembea hata hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo unaruka kwa maumivu, nenda kapige eksirei, huenda umevunjika na hakuna bibi wa kukanda hiyo.

Kutoka Moshi mpaka Dodoma kwa basi kigimbi kimoja kimevimba, ni mazoezi tu?

Vigimbi vyote viwili vikiuma sawa sawa, ni mazoezi. Kimoja kikivimba, kikawa cha moto, kinauma peke yake, baada ya kukaa kwenye siti kupitia Babati na Kondoa zaidi ya kilomita 500, naanza kuwaza damu iliyoganda kwenye mshipa. Usichue! Nenda hospitali, na ukisikia kifua kinachoma au pumzi inakata ghafla usisubiri asubuhi. Wengine wote, basi likisimama watu wakachimbe dawa na wewe shuka, hata kama huna haja, tembea tembea.

Bia za kusherehekea getini?

Maji kwanza lita moja, chakula, halafu hayo mengine unajua mwenyewe.

Jumamosi kuna mechi ya mtaa, nicheze?

Simama, shuka ngazi kumi bila kushika ukuta, halafu chuchumaa na uinuke mara tano. Ukiweza bila kukunja uso cheza kipindi kimoja. Ukishika ukuta, kaa pembeni na mashabiki.