Raku: bakuli la chai linalofuata kiganja

Ukilitazama bakuli jeusi la raku kwa haraka, utadhani fundi hakulimaliza. Mdomo wake unapanda na kushuka, ubavu umebonyea, na weusi wake haung'ai sana. Lakini kila kimojawapo kina kazi.

Raku ni ufinyanzi ulioanzia Kyoto, Japani, mwishoni mwa karne ya 16. Mfinyanzi Chōjirō alimfinyangia mabakuli Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai aliyefariki mwaka 1591. Herufi inayoandika neno raku ina maana ya raha.

Bakuli hili halipiti kwenye gurudumu. Fundi hulibana donge la udongo kwa viganja, akalipandisha taratibu likawa bakuli, kisha akalipunguza kwa kisu. Pale viganja vyake vilipobonyeza ndipo vya mnywaji vinapotua. Bakuli halina mkono, na chai yenyewe ni majani ya kijani yaliyokaushwa na kusagwa unga, yakakorogwa kwa maji ya moto mpaka yatoe povu. Kuta za bakuli ni nene, na udongo wake una vitundu vidogo vingi, hivyo joto hupenya polepole: chai haipoi upesi na mikono haiungui. Ndani, chini kabisa, kuna kishimo ambamo matone ya mwisho hukusanyika.

Weusi hutokana na mawe ya mto Kamo, unaopita hapo hapo Kyoto. Husagwa, hupakwa juu ya udongo tabaka kwa tabaka, na motoni huyeyuka yakawa utando kama wa kioo. Bakuli likiwa bado linawaka, fundi hulichomoa tanurini kwa koleo. Kupoa kwa ghafla ndiko kunakoushika weusi, na mara nyingi alama ya koleo hubaki ubavuni. Mimi huitafuta alama hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Povu la kijani juu ya weusi huo hupendeza kuliko kwenye rangi yoyote ile.

Kuna raku nyingine, ya Marekani, iliyoenezwa na Paul Soldner tangu miaka ya 1960: chombo cha moto hufukiwa kwenye maranda ya mbao kipate moshi. Ni nzuri, ila si hii.

Mgeni akishamaliza kunywa, huinama, viwiko vikiwa chini karibu na mkeka ili bakuli lisianguke kutoka juu, akaligeuza atazame kitako na jinsi kisu kilivyopita.