Anga la mwaka 816 katika kitabu cha Leiden

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, inahifadhi kitabu cha ngozi chenye kurasa zinazokaribia umbo la mraba. Namba yake ya hifadhi ni Voss. Lat. Q 79, na wataalamu hukiita Aratea ya Leiden. Kilinakiliwa kwa Kilatini katika karne ya 9, zama za mfalme Louis Mcha Mungu, mwana wa Charlemagne. Wengi hukijua kwa picha zake. Nami nazipenda mno, ila ukurasa ninaotaka tuusome pamoja ni mchoro wa sayari ulio karibu na mwisho.

Kwanza, maneno yenyewe. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Mgiriki Aratus alitunga utenzi kuhusu nyota na dalili za hali ya hewa. Baadaye Germanicus, mpwa wa kaisari Tiberius, aliugeuza kuwa mashairi ya Kilatini, na hayo ndiyo yaliyomo humu. Mnakili aliyaandika kwa herufi kubwa za mtindo wa Kirumi, uliokuwa wa kale hata kwake.

Picha zilizobaki ni 39, kila moja ikijaza ukurasa wake. Mandhari ni buluu iliyokolea, na nyota zimewekwa kwa vipande vya dhahabu juu ya miili ya watu na wanyama. Ukizilinganisha na anga halisi, utaona hazikai mahali pake. Anayetaka kupima nyota asitumie picha hizi. Kazi yake ilikuwa kumsaidia msomaji kukumbuka kundi lipi ni lipi na lina kisa gani. Kilimia, kwa mfano, kimechorwa kama nyuso za wanawake saba. Aratus alisema wanatajwa saba lakini wanaoonekana ni sita, na kwamba kuchomoza na kuzama kwao humpa mkulima ishara ya kulima. Wazee wetu wa pwani nao walilijua jambo hilo: kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua; kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua.

Sasa fungua ukurasa wa 93, upande wa nyuma. Dunia iko katikati, kama watu wa zama hizo walivyoamini. Mwezi, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali vinaizunguka, lakini Utaridi na Zuhura vimechorwa vikilizunguka Jua. Kandokando ya njia za sayari kuna maneno yaliyochotwa kwa Plinius, mwandishi wa Kirumi, na nje kabisa kuna duara la buruji 12, yaani makundi ya nyota ambamo Jua na sayari huonekana kupita.

Mchoraji aliweka kila sayari mahali maalumu, na hapo ndipo ukurasa huu unapokuwa ushahidi. Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka anga, Zohali karibu 29 na nusu, na Mirihi chini ya miwili. Kwa kuwa kila moja ina mwendo wake, mpangilio wa zote pamoja haurudi upesi. Mtafiti mmoja alipopiga hesabu alipata mwaka 579. Hesabu za baadaye zilionyesha kuwa majira ya kuchipua ya mwaka 816 yanaafiki vizuri zaidi, nami naona hoja hiyo ina nguvu, kwani inaangukia utawala wa Louis. Hata hivyo tarehe hiyo ni ya anga lililochorwa. Haituambii siku ambayo mnakili aliweka kalamu chini.

Kitabu kimepoteza kurasa kadhaa. Bahati njema, mnamo mwaka 1000 kilinakiliwa katika monasteri ya Saint-Bertin, kaskazini mwa Ufaransa, na nakala hiyo, iliyoko Boulogne-sur-Mer, inatuonyesha baadhi ya picha zilizopotea, ikiwemo ya Jupita, mungu mkuu wa Warumi, akiwa juu ya tai. Mwaka 1600 mwanazuoni Mholanzi Hugo Grotius, akiwa bado kijana, alichapisha Leiden maandishi ya Aratus pamoja na michoro iliyochongwa kutokana na picha hizi. Kisha kitabu kilifika kwa Malkia Christina wa Sweden, kutoka kwake kikaenda kwa mwanazuoni Isaac Vossius, na mwaka 1690 Leiden ikanunua maktaba yote ya Vossius.

Picha za kurasa zake ziko katika mkusanyiko wa kidijitali wa maktaba hiyo. Ukifika kwenye mchoro wa sayari, anza na Zohali na Mshtarii: ndizo zenye mwendo wa polepole, na ndizo zinazobana zaidi mwaka.