Eko ya moyo ni kipimo gani?

Mtu akiambiwa kwenye hospitali ya Mnazi Mmoja au Chake Chake, hapa Zanzibar, kwamba "ukapige eko", mara nyingi hofu humtangulia. Wengine hulala na njaa wakidhani wanakwenda kupasuliwa. Eko, kwa jina refu ekokadiografia, ni ultrasaundi ile ile wanayopimwa waja wazito, ila hapa inaelekezwa moyoni. Haina mionzi wala sindano. Mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia hupenya kifuani, yakagonga moyo na kurudi, na mashine ikayageuza kuwa picha inayotembea.

Kwa hivyo kula kama kawaida na meza dawa zako, isipokuwa daktari amekwambia vyengine. Aliyefunga Ramadhani hupimwa na saumu yake, kwani hakuna kinachoingia mwilini. Usijipake mafuta kifuani siku hiyo. Kina mama, chini ya buibui vaeni blauzi inayofunguka mbele na mchukue kanga ya kujisitiri. Kuomba mpimaji mwanamke si utovu wa adabu, ingawa hapatikani kila siku.

Ndani utabandikwa vibandiko vya kufuatilia mapigo, kisha ulalie ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Mlalo huo huusogeza moyo karibu na mbavu. Mpimaji hupaka jeli, baridi kweli, akakandamiza kifaa baina ya mbavu. Pengine pataumia kidogo. Utaambiwa vuta pumzi, toa, zuia. Kwenye kioo utaona rangi nyekundu na buluu: nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, buluu inayokwenda mbali nacho. Wengi hudhani buluu ni damu chafu. Sivyo. Nusu saa hadi saa moja, umemaliza.

Kinachowababaisha watu zaidi ni majibu. Karatasi ikiandika EF asilimia 60, mtu hujiona amefeli, kama kwamba moyo umebakiwa na sitini tu. Namba hiyo ni sehemu ya damu ya chumba cha chini cha kushoto inayosukumwa nje kwa kila pigo, na hakuna moyo unaojimwaga wote. Baina ya 50 na 70 hivi ni kawaida. Ikishuka chini ya 40, hapo moyo umedhoofika na pana haja ya matibabu. Na EF nzuri haimaanishi kila kitu kizima: vali, yaani milango ya moyo, zinaweza kuvuja au kubana ilhali namba inapendeza, basi muulize daktari na hizo.

Iko eko nyengine, ya kumeza kifaa kinachoshuka kooni, ambayo huenda ukapelekwa kuifanya Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hiyo ndiyo ya kukaa na njaa, kwa kawaida kwa muda wa saa sita, na hutolewa dawa ya kutuliza inayoleta usingizi. Nenda na mtu wa kukurudisha, wala usipande boti peke yako siku hiyo hiyo. Na karatasi za eko ya kwanza usiziache nyumbani.