Gari la Nova halikukwamishwa na jina

Kwenye semina za biashara za kimataifa kisa hiki hakikosekani: Chevrolet walipeleka gari lao la Nova Amerika ya Kilatini, likadoda, kwa sababu kwa Kihispania “no va” ni “haliendi”. Watu hucheka, mkufunzi anaendelea.

Lakini gari halikudoda. Liliuzwa Meksiko na Venezuela miaka ya 1970, na Venezuela mauzo yalipita makadirio ya kampuni yenyewe. Tena Pemex, shirika la mafuta la serikali ya Meksiko, liliuza petroli iitwayo Nova, na wenye magari wakajaza matangi bila wasiwasi.

Sikio la mzawa halidanganyiki kirahisi. “Nova” mkazo uko mwanzoni. “No va” mkazo uko mwishoni. Ni kama sisi na barabara ya kupita magari na “barabara!” ya kusifu kazi. Na kwa gari bovu msemaji wa Kihispania husema “no funciona” (halifanyi kazi), si “no va”.

Mkufunzi anayetaka mfano wa kweli anao: Mitsubishi Pajero, ambalo kwa wasemao Kihispania huitwa Montero. Maana ya “pajero” kwao haisemeki mbele ya wakwe.