Unga wa ngano hautibu jeraha la moto

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp miaka nenda rudi: ukiungua, fukia mkono kwenye unga wa ngano dakika kumi, hutatoka hata lengelenge. Si kweli. Na huku Mtwara, ambako watu huchoma korosho nyumbani na mafuta ya maganda hushika moto ghafla, ushauri huo unaweza kumwumiza mtu zaidi.

Ngozi iliyoungua hubaki na joto linaloendelea kuichoma hata ukishautoa mkono motoni. Unga hauliondoi joto hilo, unalifungia ndani. Jaribu mwenyewe: chovya vijiko viwili vya chuma kwenye chai ya moto, kimoja kifukie kwenye unga, kingine kitie kwenye maji ya mtungini. Baada ya nusu dakika viguse, utaona tofauti. Tena unga hugandana na majimaji ya jeraha, na kuubandua zahanati ni maumivu makali.

Wanaoutuma wana nia njema. Unga ukiugusa ni wa baridi, na kuungua kidogo hupona kwenyewe, basi sifa zote hupewa unga. Dawa ya meno nayo ni hivyo hivyo.

Kinachosaidia ni maji safi ya kawaida, si barafu, yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Kama hakuna bomba, mimina kwa kata, taratibu. Vua pete na bangili kabla hapajavimba, funika kwa kitambaa safi, uende zahanati, hasa kama ni mtoto au ameungua usoni. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia, umweleze habari ya maji.