Surua, kadi ya kliniki na sindano ya miezi 18: maswali kutoka Dodoma

Maswali haya yanatoka kwenye mabenchi ya kliniki za watoto hapa Dodoma, mjini na vijijini, kuanzia Bahi na Chemba hadi Mpwapwa. Mengi ni ya surua, nami sikuyapunguza. Surua ndiyo inayotangulia kuonyesha mahali ambapo kuna watoto waliopitwa na chanjo.

Nesi, mwanangu alichomwa sindano ya surua akiwa na miezi 9 na kadi ikaandikwa. Sasa amefikisha mwaka na nusu, naambiwa nirudi tena. Ile ya kwanza ilikuwa mbovu?

Haikuwa mbovu, mama. Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopata kwako akiwa tumboni. Zinamlinda miezi ya mwanzo, lakini hizohizo huweza kuvizima virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wake haujajifunza kujitengenezea kinga. Kufikia miezi 9 kingamwili za mama zimekwisha kwa watoto wengi, si kwa wote. Ndiyo maana kati ya watoto 100 wanaochomwa katika umri huo, takriban 85 ndio wanaopata kinga.

Mtu atauliza: basi kwa nini tusisubiri afikishe mwaka, ambapo chanjo inashika vizuri zaidi? Kwa sababu nchi kama yetu, ambako surua bado inazunguka, haiwezi kuwaacha watoto wa miezi 9, 10 na 11 bila chochote. Hao ndio surua huwaumiza vibaya. Kwa hiyo dozi ya kwanza inawahi, na ya pili, ya miezi 18, inakwenda kuwatafuta wale 15 waliobaki. Nesi hawezi kuwatambua kwa macho, wala wewe huwezi. Kwa hiyo wote wanarudi. Aliyepata dozi mbili, uwezekano wa kukingwa unafika kama asilimia 97.

Tupige hesabu ya kata moja ya kufikirika. Kila mwaka wanazaliwa watoto 100. Tisini wanapata dozi ya kwanza, jambo ambalo kila mtu atalisifu. Lakini katika hao 90 wanaokingika ni kama 76, na 24 wanabaki wazi. Baada ya miaka minne mna watoto kama 96 wasio na kinga ndani ya kata ileile, karibu sawa na watoto wote wanaozaliwa kwa mwaka mzima. Zahanati imefanya kazi vizuri, takwimu zinapendeza, na bado siku mgonjwa mmoja akiingia, surua inawakuta watoto hao wote wanaisubiri. Watafiti wa milipuko wameliona hili nchi nyingi: surua hutulia miaka kadhaa, watu husema imekwisha, kumbe idadi ya wasiokingwa inapanda kimyakimya.

Na inaingia kirahisi. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa, 9 kati ya 10 huugua. Mtoto huanza kuambukiza siku kama 4 kabla ya upele kutoka, wakati ana mafua, kikohozi na macho mekundu tu, hali ambayo hakuna mama angemfungia mtoto ndani kwa ajili yake. Atabebwa kwenye daladala, atapelekwa kanisani au msikitini, atafika mnadani Msalato. Kwa kasi hiyo, ili surua isipate njia, inabidi watoto kama 95 katika kila 100 wawe na kinga, na dozi moja ya miezi 9 haiwezi kutufikisha hapo hata tukimchoma kila mtoto.

Sisi tuliugua surua utotoni na tukapona. Kwa nini mnaikuza hivyo?

Mzee mmoja wa Chamwino aliniuliza hivi, na jibu lake liko wilayani kwake. Katika Hospitali ya Mvumi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa macho, ulifanyika utafiti wa surua uliochapishwa mwaka 1987. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa kura: wote walipata matibabu ya kawaida, lakini 88 waliongezewa dozi kubwa ya vitamini A, mara moja siku ya kulazwa na tena kesho yake. Katika wale 92 wa matibabu ya kawaida pekee, walikufa 12. Katika wale 88, walikufa 6. Kwa jumla ya watoto wote tofauti hiyo haikutosha kuondoa shaka kuwa ni bahati tu, ila kwa walio chini ya miaka 2 ilikuwa wazi: 7 walikufa kati ya 42 wa matibabu ya kawaida pekee, dhidi ya mmoja kati ya 46 walioongezewa vitamini A.

Tafiti nyingine, ukiwemo wa Cape Town uliotoka mwaka 1990, ziliunga mkono. Leo mtoto mwenye surua popote duniani anapaswa kupewa vitamini A, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa watoto wa Dodoma. Najivunia hilo, na linanihuzunisha pia. Ziangalie tena namba. Hao walikuwa watoto waliofikishwa hospitali, wakalala kitandani na kuangaliwa na madaktari, na bado zaidi ya mmoja katika kila 10 wa kundi la matibabu ya kawaida pekee hakurudi nyumbani. Tunaosimulia kwamba tuliugua tukapona ni sisi tuliobaki.

Wengine walibaki bila kuona. Mwaka huohuo wa 1987 ulichapishwa utafiti mwingine, wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho. Asilimia 37 ya vidonda hivyo vilihusiana na surua ya karibuni, na dawa za asili zilizotiwa machoni zilikuwa mojawapo ya sababu kubwa za kuharibu macho yote mawili. Kwa hiyo nawaomba sana, bibi na mama wadogo mnaouguza: mtoto mwenye surua asitiwe chochote machoni, si majani, si maziwa ya mama, si maji ya dawa. Apelekwe zahanati apewe vitamini A kwa kipimo cha umri wake.

Kuna jambo jingine ambalo zamani hatukulijua. Mwaka 2019 watafiti waliopima damu za watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, walikuta ugonjwa ule umefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona surua, halafu miezi inayofuata anaandamwa na nimonia na kuharisha, na nyumbani hakuna anayekumbuka kuihusisha na surua.

Mitandaoni wanasema chanjo hii inaleta usonji. Wengine wanasema utasa.

Habari ya usonji ilianzia kwenye makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998, iliyohusu watoto 12. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na Wakefield akafutiwa usajili wa udaktari. Denmark waliwafuatilia watoto 657,461, na matokeo yaliyotoka mwaka 2019 hayakuonyesha usonji kuwa mwingi zaidi kwa waliochanjwa. Kuhusu utasa, Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975. Waliochanjwa miaka ile leo wana watoto, na wengine wana wajukuu wanaowaleta kliniki.

Kinachotokea kweli ni maumivu pale ilipochomwa, na kwa baadhi ya watoto homa au vipele vichache wiki moja hivi baadaye. Huisha vyenyewe.

Sindano ya surua inakuja na rubella. Mtoto wangu ni wa kiume, rubella ya nini?

Ili asimwambukize mama kijacho. Rubella kwa mtoto ni homa ndogo na upele. Kwa mimba changa, hasa miezi 3 ya kwanza, inaweza kuitoa, au mtoto akazaliwa na mtoto wa jicho, uziwi na kasoro ya moyo. Wa kwanza kuliona hilo ni daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, mwaka 1941. Sisi tumeanza kuchanja surua na rubella kwa pamoja mwaka 2014.

Wangu alipata matone ya rota yote mawili, mbona bado anaharisha?

Kuharisha kuna visababishi vingi. Matone yale ni ya kirusi kimoja tu, kile kinachokausha watoto wachanga haraka kuliko vingine. Hata kwa hicho hayakingi kila mtoto. Jaribio la Malawi na Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 2010, lilionyesha kwamba chanjo ilipunguza kuharisha kukali kwa rota kwa asilimia 61 ikijumlishwa. Malawi peke yake ilikuwa asilimia 49. Wapo wanaoziona namba hizo ni ndogo. Mimi naona karibu nusu ya watoto ambao hawakufika wodini kutundikiwa dripu. ORS, zinki na maji safi vinabaki kuwa na kazi yao.

Nilitembea kutoka kitongojini hadi zahanati, nikaambiwa niko peke yangu, nirudi siku watoto wakiwa wengi. Ni haki?

Ngoja nikueleze kilichomo mkononi mwa nesi. Chanjo ya surua na rubella huja ikiwa unga mkavu kwenye kichupa, mara nyingi cha dozi 10, na huchanganywa palepale na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, ndani ya saa 6 isipotumika inamwagwa. Nesi anakuona na mtoto mmoja, anawaza dozi 9 zitakazopotea na ripoti atakayoiandika.

Namwelewa, lakini jibu lake si sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Dozi zilizomwagwa zitaagizwa nyingine. Mama aliyerudishwa baada ya mwendo wa saa nzima juani anaweza asirudi, hasa kwa dozi ya miezi 18, ambapo mtoto tayari anakimbia na anaonekana mzima. Omba kwa upole kuonana na mganga mfawidhi.

Ukiwa hapo unaweza pia kukiangalia kichupa. Kina alama ya duara yenye mraba ndani yake. Mraba huwa mweupe, na joto likiizidi chanjo huenda ukiiva rangi. Ukifikia weusi wa duara au kuupita, kichupa hicho hakitumiki. Kwa joto letu la Oktoba na Novemba alama hiyo ni muhimu sana, na nesi mzuri hachukii kukuonyesha.

Msimu wa kulima tunahamia shambani, mifugo nayo inafuata malisho. Miezi 18 ikapita, na kadi imepotea.

Nenda zahanati yoyote ya serikali iliyo karibu na ulipo, hata kama siyo uliyoanzia. Chanjo ni bure. Hakuna kuanza upya: inatolewa ile iliyobaki, hata mtoto akiwa na miaka 2 au 3. Kadi ikipotea, sema ulikochanja ili watafute kwenye rejista. Isipopatikana, dozi ya surua ikirudiwa haimdhuru mtoto. Na muulizeni mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni tarehe gani huduma ya mkoba inakuja huko mliko. Kabla ya kuhama, mama mwenye mtoto wa miezi 16 au 17 amwambie nesi mapema, wapange.

Jirani ana mtoto mwenye surua, na wangu ana miezi 7 tu. Nifanye nini?

Wahi zahanati leo, usingoje wiki ijayo. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa inaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza, na wakati wa mlipuko huruhusiwa kuanzia miezi 6. Ukiona tayari ana homa, kikohozi na macho mekundu, mwache nje ya foleni na mtu, wewe tangulia kumwambia nesi ili asikalishwe katikati ya wachanga wengine. Akichomwa sasa akiwa na miezi 7, dozi hiyo haihesabiwi kwenye ratiba: ya miezi 9 na ya miezi 18 zote bado anazidai.