Zambarau ya mchai inatoka wapi?

Wakulima wengi huniuliza chai ya zambarau ilichanganywa na mmea gani. Haikuchanganywa na mmea wowote wa kigeni. TRFK 306, aina ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, ni Camellia sinensis kama michai mingine yote. Tena jeni za kutengeneza zambarau zimo hata ndani ya mchai wa kijani kibichi.

Ndani ya jani, vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia, hupokezana kazi hatua kwa hatua. Karibu na mwisho njia inagawanyika: huku zinatoka katekini, zinazoipa chai ukali wake mdomoni, kule inatoka anthosianini, ambayo ndiyo rangi yenyewe. Kinachoamua upande upi upate zaidi ni protini zinazowasha na kuzima jeni. Watafiti waliochunguza Zijuan, mchai wa zambarau wa Yunnan, China, waliikuta protini moja ya ukoo wa MYB, CsAN1, ikifanya kazi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Sehemu ya DNA inayoitangulia jeni yake ilikuwa imepungukiwa na alama za methili, zile ambazo kwa kawaida huibana jeni isisomwe. Mimi hapa ndipo ninapovutiwa zaidi: jeni ilikuwepo siku zote, ila kwenye michai ya kijani imebanwa.

Jua nalo lina sauti. Machipukizi yaliyopigwa na mwanga mkali huiva rangi, na jani likikomaa zambarau hufifia na kijani hutawala. Kwa hiyo majani ya chini yakiwa ya kijani, usidhani umeuziwa mche bandia.

Chai nyeupe ya Anji, mkoani Zhejiang, China, ni habari nyingine kabisa. Baridi ya mwanzo wa majira ya machipuko huzuia klorofili isijengeke, chipukizi hutoka jeupe lenye theanini nyingi, asidi amino ya mchai, kisha joto likiongezeka jani hurudia ukijani.

Sasa suala la mbegu. Mchai kwa kawaida hukataa chavua yake wenyewe, kwa hiyo kila mbegu ina wazazi wawili tofauti, na jeni huchanganyika upya. Ukipanda mbegu za TRFK 306, miche haitafanana, na mingine itatoka kijani. Nunua miche ya vipandikizi, na kabla ya kulipa omba kuoneshwa michai mama ilikokatwa, uangalie machipukizi yake yaliyo juani.